Mtoto Aliyepimwa Kila Siku

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa, wale mabinti wa kliniki walinizunguka. "Mama Lusajo, usituachie mizani tu. Andika." Basi nimekaa jikoni kwangu, blanketi magotini, chai pembeni, naandika. Asiyenijua ajue mapema kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Katika miaka yote niliyofanya kazi, sikumbuki asubuhi hata moja niliyotoka kitandani kwa hiari yangu. Vyeo sitavitaja kwa sababu havijazi mstari, na mishahara sitaitaja kwa sababu haikujaza hata huo mstari. Nitaeleza jinsi nilivyojifunza kazi, na jinsi mwanangu wa kwanza alivyokaribia kuachishwa ziwa na kazi yangu ya kuwahimiza wanawake wengine wanyonyeshe.

Nilianza Iringa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika hospitali ya misheni. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, nikaamini nimemaliza vitabu vyote vya dunia. Siku ya kwanza nilivaa yunifomu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, nikategemea kupewa bomba la sindano. Nilipewa kapu.

Aliyenipa ni Bibi Rahabu, Mbena wa makamo, mnene, asiyejua kuandika zaidi ya jina lake. Kapu lile lilitundikwa kwenye mizani yenye uso kama wa saa, na mizani ikatundikwa kwenye boriti. "Weka kitambaa," akaniambia. Nikaweka. "Sasa soma." Nikasema hakuna mtoto wa kusoma. "Ndiyo maana nakwambia usome, we binti wa darasa la kumi. Kitambaa nacho kina uzito. Usiporudisha mshale kwenye sifuri, utamwandikia mtoto uzito wa kitambaa, na mama ataenda nyumbani anafurahi."

Nilipima kitambaa kikavu, kitambaa cha mkojo, na jiwe la ratili tano, mpaka mchana. Watoto wenyewe niliruhusiwa kuwagusa wiki ya pili. Bibi Rahabu alikuwa akimpokea mtoto kwa mikono miwili, anatazama dari, anataja ratili na aunsi, vipimo vyetu kabla ya kilo; aunsi kumi na sita ni ratili moja. Mshale ulikuja kukubaliana naye baadaye. Nilijaribu ujanja huo mara moja, nikakosea kwa ratili tatu, na mwenye mtoto akaniuliza kama mikono yangu inaumwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kukamua maziwa ya mama kwa mkono: kunawa, kuweka kidole gumba juu na vingine chini, kusukuma kwanza kuelekea kifuani ndipo kubana, bila kuivuta chuchu kama unavyovuta ya mbuzi. "Na kikombe kichemshwe," alisema. "Ukiona umechoka kuchemsha, umechoka kulea."

Kisa kigumu cha kwanza nilikiona hapo hapo Iringa. Mke wa karani mmoja alipata kazi ya kushona, akamwacha mtoto na maziwa ya kopo. Kopo ni la siku chache, yeye alitaka lifike mwisho wa mwezi, kwa hiyo kila siku aliongeza maji. Chupa ilioshwa kwa maji ya mtoni. Alipomleta, mtoto alikuwa na uso wa mzee. Tulimpa maji kwa kijiko siku mbili, tukipokezana. Siku ya tatu Bibi Rahabu alimpokea mikononi, akatazama dari, hakutaja kitu. Yule mama maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha kukauka. Sikumsahau, na msinilaumu baadaye nikionekana nimeogopa kupita kiasi.

Kisha nikaolewa. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, wakati huo alikuwa dereva wa greda, nusu ya maisha yake yuko barabarani na nusu yuko chini ya greda. Alihamishiwa Mbeya, nami nikahamia huko, nikilia njia nzima, si kwa mapenzi ya Iringa bali kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupanga vyungu vyangu vizuri. Tulipanga nyumba nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Iyunga. Nikapata kazi kwenye kliniki ya mama na mtoto, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Kwa miguu yangu mimi, dakika arobaini na tano.

Hapa lazima nieleze jambo moja la wakwe zangu, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, halali naye chini ya paa moja, jina lake hataji. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba. Sisi Wahehe tuna heshima zetu, lakini hii ilinishinda mwanzoni. Siku ya harusi nilijificha nyuma ya mlango hadi nikakosa chakula. Mama mkwe alinifundisha polepole, nami nikazoea. Baba mkwe alipokuja Mbeya kutibiwa macho, mama mkwe alikaa kwetu, na mzee akalala kwa mtu wa ukoo wake, nyumba ya tano kutoka yetu. Mpaka leo jina lake siliandiki. Si kwamba nimelisahau.

Lusajo alizaliwa msimu wa baridi, wakati Mbeya mtu anaongea na mdomo unatoa moshi. Alipofika miezi miwili na siku chache niliitwa kazini. Kurudi au kuacha, ndivyo ilivyokuwa. Kliniki ilikuwa chini ya mzungu mmoja tuliyemwita Sista Saa, kwa sababu ya saa aliyoibandika kifuani, kichwa chini miguu juu. Kiswahili chake alikipata kitabuni, kimenyooka kama shuka la hospitali. Sisi tuliokipata sokoni alitusahihisha. Kanuni zake zilikuwa ukutani, na ya nne ilisema: mfanyakazi asilete mtoto wake kazini.

Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama mbele ya akina mama nikihubiri. "Ziwa la mama, miezi yote hii, bila kukosa!" Na wakati nahubiri, maziwa yangu yanasikia mtoto wa mwenzangu akilia, yanatoka yenyewe, yananiloweka mpaka kiunoni. Tabitha, mwenzangu wa kazi, binti wa Kisafwa mwenye ulimi, alikuwa ananinong'oneza, "Dada, funga bomba." Nilikunja nepi mara nne nikaweka ndani ya yunifomu kila upande. Nilionekana kama nimebeba mikate.

Nilijaribu kukimbia nyumbani wakati wa chai. Nikifika, saa ya kurudi imefika. Nikajaribu kukamua asubuhi, kama nilivyofundishwa, nikamwachia mama mkwe kikombe kilichofunikwa. Jioni nikirudi kikombe kitupu, kimeoshwa, nami nashukuru. Siku ya tano nikamkuta anakimwaga kwenye migomba.

"Mama! Hayo ni maziwa ya Lusajo!"

"Yalikuwa," akasema bila kugeuka. "Yamelala kikombeni, yamepoa. Mtoto hanyweshwi maziwa ya baridi. Nimempa uji."

"Wa ulezi?"

"Kidogo tu. Mwepesi."

Na nikitoka kazini alinizuia mlangoni. Maziwa yaliyokaa kifuani mchana kutwa yamechacha, alisema, lazima niyakamue kwanza yaende chini ndipo mtoto anyonye. Nilibishana naye kwa darasa langu la kumi lote. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaleta bakuli la kumwagia. Sikuwa na nguvu ya kupigana na mtu anayenilelea mtoto kwa mapenzi namna ile, kwa hiyo nikawa nakamua.

Mwili hauna ubishi kama watu. Ukiona hakuna anayedai, unapunguza. Wiki ya tatu nepi zangu zilirudi kavu. Siku yangu ya mapumziko nikampeleka Lusajo kliniki kama mama mwingine yeyote, nikampima, kitambaa kwenye sifuri. Alikuwa amepungua aunsi tisa. Tabitha aliandika, hakutania. Nikamwona yule mtoto wa Iringa mwenye uso wa mzee.

Nilifika nyumbani, nikamwambia mama mkwe naacha kazi. Kusema kweli, kwa mtu kama mimi haikuwa adhabu. Lakini greda haikutulisha wote, wadogo zangu watatu walisoma kwa kazi yangu, na nilijua nikitoka sirudi. Mama mkwe alimpakata mjukuu wake.

"Hiyo kliniki yenu," akasema, "ni ya watoto gani?"

"Watoto wote, Mama."

"Kuna mtoto anafukuzwa?"

"Hapana. Mwenye kadi hafukuzwi. Ni kanuni ya kwanza."

"Na huyu ana kadi?"

"Anayo."

"Basi mimi kesho nina mjukuu mgonjwa," akasema.

Kesho yake saa nne nilimwona kwenye benchi la akina mama, amejifunga kitenge chake cha kanisani, Lusajo mgongoni. Alisubiri zamu yake. Jina la ukoo la Lusajo ni la baba mkwe, kwa hiyo nilishindwa kumwita mwanangu mwenyewe, nikaita namba ya kadi yake: "Namba kumi na saba." Tabitha akampima, mimi nikampeleka nyuma ya pazia, mahali tulipowafundisha akina mama kunyonyesha, nikajifundisha. Moja kwa moja, bila kukamulia chini. Mama mkwe alitazama, akageukia ukuta. Saa nane tena. Kesho yake tena.

Wiki ya kwanza nilinyonyesha ziwa lisilo na kitu, Lusajo akilivuta na kulia, mimi nikimnong'oneza aendelee kudai. Wiki ya pili nepi zikaanza kulowa. Sijawahi kufurahia nguo chafu kiasi kile. Kila siku mama mkwe alibadilisha kitenge, eti Sista asimtambue. Kadi ya Lusajo ilijaa, tukaanza ya pili. Sidhani kama kuna mtoto aliyepimwa kama yeye kuanzia Makambako mpaka Tunduma. Sista Saa alikuwa anakagua kadi, si nyuso, na kila alipopita alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Bibi huyu ni mfano kwa wengine," alituambia. Tabitha alikimbilia chumba cha nguo akacheka huko.

Miezi ikaenda hivyo. Lusajo alipokuwa na miezi mitano hivi, asubuhi moja niliita "Namba kumi na saba," nikainua macho kwenye benchi, nikaona koti.

Lilikuwa koti zito la jeshi, la wakati wa vita. Juu yake kofia. Katikati ya vifungo viwili, kichwa cha Lusajo. Mbele na nyuma yake akina mama wameziba midomo kwa khanga.

Sikumbuki nilivyofika nyuma ya pazia. Tabitha anasema niliruka ndoo.

"Dada, vipi?"

"Mkwe!" nikamwambia. "Ni mkwe wangu mwanamume!"

Mzee hakumtazama mtu. Alisimama katikati ya chumba, akazungumza na kichwa kilichokuwa kwenye koti lake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Lusajo. Mwambie aliye nyuma ya pazia kwamba bibi yako ameitwa msibani Tukuyu, asubuhi, baada ya yeye kutoka kwenda kazini. Mwambie sijui kulisha mtoto. Nakuweka kwenye kapu hili, halafu naenda kutazama barabara. Nikichoka kutazama barabara, nitakohoa."

Akamweka mtoto kwenye mizani, akatoka, akasimama mlangoni, mgongo kwetu.

Tabitha alisoma mshale kwa mazoea, akaandika: ratili kumi na tatu, aunsi mbili. Nikatoka kama mwizi, nikachukua mwanangu, nikarudi nyuma ya pazia, nikamnyonyesha mpaka akaacha mwenyewe. Nje kikohozi kikasikika. Nikamrudisha kwenye kapu, nikajificha. Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba Sista Saa alipita kabla ya mzee kugeuka.

Sista hakuweza kumpita mtoto aliye kwenye mizani bila kuusoma mshale. Akasoma. Akasoma kadi. Akasoma mshale tena.

"Tabitha, umempima mtoto huyu saa ngapi?"

"Sasa hivi, Sista."

"Umeandika aunsi mbili. Sasa ni aunsi saba. Mizani imeharibika."

Akamtoa Lusajo, akarudisha sifuri, akaweka jiwe la ratili tano. Mshale ukasema ratili tano, sawasawa, kama Bibi Rahabu mwenyewe angekuwa ameushika. Akamrudisha Lusajo. Aunsi saba. Lusajo akacheua kidogo, maziwa yakamtiririka shavuni.

Kisha viatu vya Sista vikaja kwenye pazia.

"Veronika. Toka."

"Siwezi, Sista."

"Kwa nini huwezi?"

"Mzee yuko mlangoni."

"Mzee amekupiga?"

"La, Sista! Ni baba mkwe wangu."

"Kwa hiyo?"

Tabitha akamweleza harakaharaka, kwa Kiswahili ambacho hakikusahihishwa mara hii. Sista alitazama pazia, akatazama mgongo mlangoni, akatazama kapu katikati.

"Na mtoto huyu ni wa nani?" akauliza.

Kanuni ya nne ilikuwa ukutani, juu ya kichwa chake. Nilijua nikijibu, kazi imekwisha hapo hapo, na nisipojibu, nitakuwa mwongo na bado itakwisha. Nilifungua mdomo.

"Wangu," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Mzee hakugeuka. Alikuwa bado anatazama barabara.

"Ni mtoto wa nyumba yangu. Nimemleta mimi. Huyo aliye nyuma ya pazia hakumleta, na hajaniona, nami sijamwona. Kama kuna kosa, andika jina langu." Akalitaja jina lake lote, pole pole, kama mtu anayeandikishwa jeshini. Niliziba masikio. Mila ni mila, hata mtu akiwa anafukuzwa kazi.

Nilipoyazibua na kuchungulia pembeni ya pazia, Sista alikuwa ameketi na kadi zote mbili. Alikuwa mtu wa mistari, ile ya uzito inayochorwa kwenye kadi. Akimpata mtoto ambaye mstari wake unapanda, anautazama kama wengine tunavyotazama picha ya harusi. Alifuata wa Lusajo kwa kidole: ulivyoshuka nilipoanza kazi, ulivyolala, ulivyoanza kupanda siku mama mkwe alipoanza kuwa na mjukuu mgonjwa.

"Kanuni ya nne," akasema, "inasema mfanyakazi asimlete mtoto. Mfanyakazi hakumleta. Kanuni ya kwanza inasema mwenye kadi asifukuzwe. Ana kadi." Akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi ile ya pili, ninayo mpaka leo: *Apimwe kabla na baada. Saa nne na saa nane. Mletaji: babu.* Kisha akasema kwa pazia, "Nawe ubadilishe aproni. Imelowa."

Wiki ilipokwisha mama mkwe alirudi kutoka msibani, akafunga kitenge chake cha kanisani ili ashike zamu yake. Mzee akakataa. "Kadi imeandika babu," alimwambia mkewe. "Wewe umeandikwa wapi?" Macho yake yalikuwa yamekwisha kupona, lakini hakurudi Rungwe. Alikuja kila siku na koti lake. Akina mama walimzoea, wakamwachia kona ya benchi, wakawa wanamuuliza habari za vita. Aliweka mtoto kapuni, alitazama barabara, alikohoa. Aunsi nne, aunsi sita, siku moja aunsi nane, Tabitha akapiga vigelegele na mzee, bila kugeuka, akavua kofia. Tuliendelea hivyo mpaka Lusajo akaanza kwenda mwenyewe kutoka kapuni mpaka kwenye pazia, na kurudi kwenye koti.

Mabinti, benchi mnalolikuta nyuma ya pazia nililiweka mimi, miaka mingi baadaye, nilipokuwa na funguo zangu mwenyewe. Ni la mwalimu, la karani, la muuza nyanya, la yeyote aliyerudi kazini na mtoto bado ananyonya. Msiliondoe kuweka kabati. Mkamuaji afundishwe kwa mkono, asifundishwe kwa hotuba. Bibi au babu anayeleta mtoto aelezwe yeye, kwa jina lake, maziwa ya kikombe yakoje, kabla hajayamwagia migomba. Na kitambaa kwanza, sifuri, ndipo mtoto.

Baba mkwe alifariki Rungwe. Nilikwenda, nikakaa wanapokaa wakamwana, wake wa watoto wake. Hata siku ile sikumwona usoni. Tulifanya kazi pamoja karibu mwaka mmoja, bila neno moja kati yetu lisilopitia kwa mtoto, na kama mngeniuliza alikuwa na masharubu au hakuwa nayo, nisingejua.

Lusajo sasa ni mtu mzima, anakuja Jumapili, anakula chote kilichopo. Wazee wa Rungwe wanasema amechukua sura ya babu yake yote. Wakinigeukia nithibitishe, nasema sijui. Lakini jioni akiaga, akishika kofia yake, akisimama kidogo mlangoni kutazama barabara, mgongo kwangu, hapo nakubali kwamba ni yeye kabisa.